Maziwa ya jioni: kisa cha ushirika mmoja wa Nakuru

Kisa na mahali pake

Ushirika ninaouandika hapa ni wa wafugaji wa maziwa katika nyanda za juu za kaunti ya Nakuru, upande wa Njoro na Molo. Jina lake nimeliondoa, na wahusika nitawaita kwa vyeo vyao tu. Hesabu nimezisogeza kidogo ili asitambulike mtu, ila uwiano wake ni ule ule.

Tangu 1998 kazi yangu imekuwa kuwafunza na kuwashauri wanawake wenye biashara, kutoka vyama vya kuweka na kukopa vya vijijini hadi wajumbe wapya wa bodi za kampuni. Nimechagua kisa hiki kwa sababu ndani yake kuna kosa langu mwenyewe, na ninaamini wakufunzi wenzangu wengi bado wanalifanya.

Usuli

Aliyelelewa katika boma la wafugaji huku kwetu Bonde la Ufa anaujua mgao huu bila kuambiwa: maziwa ya asubuhi ni ya mzee, ya jioni ni ya mama. Ya asubuhi huenda kwa ushirika, yakaandikwa kwa jina la mwenye boma, na malipo yakaingia kwenye akaunti yake mwezi ukiisha. Ya jioni hubaki nyumbani. Mama hutenga ya chai na ya watoto, hujaza kibuyu cha mursik, yaani maziwa ya mgando, na yanayosalia humuuzia jirani au mwenye hoteli pale senta, akalipwa papo hapo. Mgao huo haujaandikwa popote. Ni desturi tu, na kila mtu aliishi ndani yake bila kuitaja.

Kwa siku moja pesa za jioni ni kidogo. Lakini ndizo zinunuazo sabuni, mafuta ya kupikia, sodo za binti na kalamu za shule, na ndizo zinazolipa mchango wa chama kila wiki. Wanawake wengi niliowafunza, ukiwauliza mtaji wa kwanza waliutoa wapi, watakutajia ndoo ya jioni: humo walipata kuku ishirini wa kwanza, au cherehani, au bunda la kwanza la nguo za watoto.

Ushirika ulikuwa wa siku nyingi na ulikuwa umenusurika miaka migumu iliyofuata kufunguliwa kwa soko la maziwa mwaka 1992. Daftari lilikuwa na wanachama 1,100. Wanawake walikuwa 160, karibu wote wajane au wasioolewa. Kamati ilikuwa na watu tisa, idadi ya juu kabisa inayoruhusiwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika, na miongoni mwao mwanamke alikuwa mmoja. Yeye alikaa miaka mingi akiitwa mwakilishi wa akina mama, na kwa kumbukumbu za vikao nilizosoma, kazi aliyopewa mara nyingi zaidi ilikuwa kusimamia chakula cha wageni. Ilhali asilimia kubwa ya ng'ombe wa eneo lile hukamuliwa na wanawake. Hilo hata mwenyekiti alikubali bila ubishi.

Yaliyotokea

Ushirika ulichukua mkopo wa kununua tangi la kupozea maziwa la lita 5,000. Hesabu ya kulipa mkopo ilitegemea jambo moja, nalo ni kukusanya maziwa ya jioni ambayo mpaka wakati huo hayakuwahi kufika pale. Kamati iliniita kwa kazi mbili: niwasaidie kupata wanawake wa kugombea uongozi, maana kanuni ya theluthi mbili iliyomo katika Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010, kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viongozi, ilikuwa imeanza kuulizwa hata mikutanoni kwao, na niwashawishi akina mama walete maziwa ya jioni.

Niliona kazi hizo mbili kama kazi moja nzuri. Nilifunza wanawake 86 katika kanda nne, siku tatu kila kanda: kujiamini, kuzungumza mbele ya watu, kusoma taarifa ya hesabu, kuendesha kikao. Kila siku ya tatu niliwaeleza faida ya tangi. Niliwaambia kwamba ushirika ni soko la uhakika, kwamba watasahau shida ya jirani anayekopa lita moja na kuhama njia. Niliyasema kwa moyo wangu wote.

Tangi lilizinduliwa mwezi wa Machi kwa maombi na mbuzi wa kuchoma. Mwezi wa kwanza maziwa ya jioni yalifika lita 1,400 kwa siku. Mwezi wa tatu yalikuwa 500. Meneja alinipigia simu akaniambia akina mama hawajaelewa, niwaongezee mafunzo.

Nikaenda kuwaongezea. Nilitumia wiki mbili nzima kufundisha tena watu walioelewa vizuri kuliko mimi.

Aliyenifungua macho ni mmoja wa wanafunzi wangu hodari, mama wa miaka kama arobaini mwenye ng'ombe wawili wa kukamuliwa. Nilimtembelea saa kumi na moja jioni, mvua ikinyesha, nikamkuta akimaliza ng'ombe wa pili, mikono iking'aa mafuta ya kukamulia. Aliingia jikoni na ndoo, akachukua kikombe cha lita, akaanza kupima mbele yangu. Vikombe viwili alivimimina kwenye mtungi wa alumini uliokuwa ukimsubiri kijana wa bodaboda. Vikombe sita alivimimina kwenye ndoo ndogo ya buluu yenye kifuniko, akaisukuma chini ya meza nyuma ya kuni.

Nikamuuliza ya mtungi ni kidogo hivyo kwa nini.

"Mwalimu, haya mawili ni ya kuonyesha."

"Ya kumwonyesha nani?"

"Mzee, na ushirika. Haya mengine ni yangu."

Akanieleza taratibu huku akisuuza kikombe. Mwezi wa kwanza alipeleka yote, kama nilivyomfundisha. Malipo yaliingia kwenye akaunti ya mumewe pamoja na ya asubuhi, na yote yakakatwa deni la chakula cha ng'ombe katika duka la ushirika. Alipouliza sehemu yake, mumewe hakumfokea. Alimwambia tu kwamba maziwa yameandikwa kwake. "Na ni kweli," akaniambia, "yameandikwa kwake." Kwa hiyo alirudi kwa mwenye hoteli, ambaye alimlipa bei nzuri zaidi kwa lita, na tena siku hiyo hiyo.

Kisha akasema neno ambalo nimelibeba tangu siku ile: "Ulitufundisha kusimama mbele ya watu. Nisimame nikiwa nani? Mimi si mwanachama."

Asubuhi iliyofuata nilikaa na karani wa maziwa, tukafungua daftari la wanachama na kulilinganisha na orodha yangu ya mafunzo. Kati ya wanawake 86, waliokuwa na namba ya uanachama walikuwa 11. Wale 75 wengine hawangeweza kupiga kura, sembuse kugombea, kwa kuwa mjumbe wa kamati sharti awe mwanachama. Nilirudia fomu yangu ya usajili. Ilikuwa na nafasi ya jina, simu, kitambulisho, kanda, hata saizi ya fulana. Nafasi ya namba ya uanachama haikuwapo. Ni fomu niliyoitunga mwenyewe, na nilikuwa nimeitumia kwa miaka.

Maamuzi, na kwa nini

Nilipeleka matokeo ya daftari kwa kamati kabla ya kupeleka pendekezo lolote. Nilitaka kwanza waone ninachoona mimi: kwamba tangi lilikuwa tupu kwa sababu ushirika, bila kukusudia, ulikuwa umechukua pesa za mama na kuzihamishia kwa baba, na mama akajibu kwa njia pekee aliyokuwa nayo.

Mezani palikuwa na njia tatu. Mwenyekiti alitaka maziwa ya jioni yalipwe moja kwa moja kwa simu ya anayeyaleta, bila uanachama. Ingekuwa haraka na isingegusa sheria ndogo, yaani kanuni za ndani za ushirika. Mweka hazina alipendekeza uanachama wa nyumba, mume na mke kwenye kadi moja. Mimi nilisimama na ya tatu, kwamba mwanamke aandikishwe kama mwanachama kamili mwenye namba yake, hisa zake na kura yake.

Pendekezo la mwenyekiti lilinivutia kwa siku kadhaa, nakiri. Wanawake walihitaji pesa, na lingewapa pesa mwezi huo huo. Nililiacha kwa sababu mleta maziwa asiye mwanachama hana hisa, hana gawio, hana kura siku bei inapopangwa, na hana kumbukumbu ya kumwonyesha mkopeshaji. Hilo la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Tangu sheria ya mwaka 2017 kuhusu dhamana ya mali inayohamishika, mfugaji anaweza kuweka rehani ng'ombe au malipo ya maziwa anayoyadai, si hati ya shamba peke yake. Lakini malipo hayo lazima yawe yanadaiwa kwa jina lake. Ama uanachama wa nyumba, kila mwanachama ana kura moja, na kadi ya nyumba moja hukaa mfukoni mwa mtu mmoja. Tulijua mfuko wa nani.

Vikwazo vilikuwa viwili. Kwanza kiingilio na hisa za mwanzo, shilingi 3,000 kwa jumla, pesa ambazo mama wa ndoo ya buluu hana kwa mkupuo. Tuliamua zikatwe shilingi mbili kwa kila lita ya jioni mpaka ziishe. Cha pili kilikuwa kigumu: sheria ndogo zilimtaka mwanachama awe "mwenye shamba na ng'ombe", na kwa mazoea karani alidai nakala ya hati ya ardhi. Kuibadili kulihitaji mkutano mkuu, ambao wapiga kura wake karibu wote walikuwa waume wa wanawake hawa.

Hapo nilifanya uamuzi ambao mpaka leo naupima. Hoja ya haki nilikuwa nayo tayari. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataja kazi ya shamba, kwa maneno hayo hayo, kuwa mchango katika mali ya ndoa, sawa na kutunza nyumba na kulea watoto. Mkamuaji ni mchangiaji, sheria imesema. Lakini mbele ya mkutano nilitanguliza deni la tangi. Nilibandika ukutani karatasi kubwa yenye mistari miwili, maziwa ya jioni yaliyohitajika kulipa mkopo na yaliyokuja, nikamwomba mweka hazina aeleze kila mwanachama atakatwa kiasi gani pengo lile likiendelea. Sheria ya ndoa niliitaja baadaye, kwa sentensi mbili.

Kabla ya siku hiyo tulifanya vikao vya kanda, mume na mke wakiwa chumba kimoja. Katika kimojawapo mzee mmoja alisimama, akavua kofia, akasema mama yake alimsomesha hadi darasa la nane kwa maziwa ya jioni, na kwamba angekuwa hai leo angekataliwa mlangoni pa ushirika huu ambao baba alikuwa mwanzilishi wake. Sikumpanga wala kumfahamu. Nadhani alibadilisha kura nyingi kuliko karatasi yangu.

Siku ya mkutano wanachama walipiga kura kwa kuinua kadi. Marekebisho yalipita, kadi 243 kwa 97. Wanawake wasio wanachama walikuwa wamesimama nje, kando ya madirisha, miavuli mkononi.

Matokeo

Baada ya miezi minane wanawake 310 walikuwa wamepata namba zao, na maziwa ya jioni yalifika lita 2,600 kwa siku. Mkopo wa tangi ulianza kulipika bila kuchelewa. Katika uchaguzi uliofuata wanawake wawili wapya waliingia kwenye kamati ya watu tisa, na mmoja kwenye kamati ya ukaguzi. Mwanafunzi wangu wa ndoo ya buluu aligombea akakosa kwa kura 19. Mwaka huo huo alikopa kwa kumbukumbu ya maziwa yake akanunua mtamba, wa kwanza katika maisha yake kuandikwa jina lake.

Yapo pia ambayo hatukuyatarajia. Kati ya wale 310, karibu 40 walisajili laini ya simu ya mume kuwa ya malipo, hivyo pesa zikarudi kulekule zilikotoka. Madeni mengine ya duka la pembejeo yalihamishiwa akaunti za wake, kwa sababu karani wa duka aliandika jina lolote alilotajiwa.

Lakini lililozua ugomvi majumbani ni saa ya kukamua. Ng'ombe hutoa maziwa kulingana na muda uliopita tangu akamuliwe. Wanawake walipoanza kusogeza mkamuo wa jioni kutoka saa kumi hadi saa kumi na mbili, muda wa mchana ukarefuka na wa usiku ukafupika. Lita zikahama kutoka asubuhi hadi jioni bila ng'ombe kuongeza chochote. Waume wakaona akaunti zao zinapungua. Wengine waliwashutumu wake zao kwamba wanaacha maziwa kwenye kiwele kwa makusudi, na katika nyumba mbili ninazozijua mambo yalifika kwa chifu. Afisa wa mifugo alilazimika kuzunguka kanda zote akieleza jambo hili, na mwishowe ushirika ukapanga saa maalumu za kupokea maziwa ili kuzuia mashindano.

Kubwa zaidi kwangu ni watoto. Muuguzi wa zahanati ya karibu alimuuliza meneja kwa nini akina mama wanaoleta watoto kupimwa uzani wanasema siku hizi nyumbani ni chai ya rangi. Maziwa ya jioni yalikuwa pia maziwa ya watoto. Tulipoyapa bei nzuri na soko la kila siku, hayakubaki tena. Sisi sote tulikaa miezi kadhaa tukihesabu lita zinazoingia kwenye tangi, na hakuna aliyehesabu zinazotoka kwenye kikombe cha mtoto. Tangu hapo kila kikao cha kanda huanza na makubaliano ya kutenga ya nyumbani kabla ya kupima ya mtungi. Nyumba nyingi zinayafuata. Zote, hapana.

Uchambuzi

Nilianza na mwisho. Nilifundisha uongozi kwa watu ambao ushirika haukuwajua, kisha nikashangaa hawainuki. Tatizo halikuwa kujiamini. Mama anayeficha lita sita kila jioni, anayejua bei ya hoteli na ya ushirika, anayelinda chama chake kisivunjike, tayari ni mfanyabiashara anayeamua mambo mazito kila siku. Alichokosa ni namba kwenye daftari. Waliotutangulia walilifahamu hili: Kenya Women Finance Trust ilipoanzishwa mwaka 1981, kazi yake ilikuwa kumfikishia mwanamke mkopo. Katikati ya safari wengi wetu tulihamia kwenye semina, kwa sababu semina ni rahisi kuhesabu. "Wanawake 86 wamefunzwa" ni sentensi inayoandikika kwenye ripoti, na niliiandika.

Kosa la pili ni kuamini kwamba soko rasmi humfaa mwanamke kwa sababu tu ni rasmi. Pesa inapopita kwenye karatasi, hufuata jina lililo kwenye karatasi. Maziwa ya jioni yalikuwa ya mama kwa sababu hayakuandikwa popote. Siku yalipoandikwa, yalihitaji mwenyewe, na sisi tulikuwa na jina moja tu la kila boma. Nimeona hivyo kwenye chai ya Nandi Hills na kwenye mboga za kienyeji zilizopanda hadhi hadi masoko ya mjini. Sasa, kabla ya kusifu soko lolote jipya, huuliza malipo yataingia kwa simu ya nani.

Kilichofanya kazi ni kulifungua daftari mbele ya kamati bila kumlaumu mtu. Hata walionipinga hawakubishana na hesabu ya 11 kati ya 86. Makato ya shilingi mbili nayo yalifaa kuliko nilivyodhani, maana mwanamke alijilipia uanachama kwa maziwa yake na hakuna aliyeweza kumwambia kwamba alipewa.

Kuhusu kutanguliza deni la tangi badala ya haki, nina maoni mawili na sijayapatanisha. Tulishinda kwa sababu hiyo. Lakini katika mwaka uliofuata nilisikia mara kwa mara wajumbe wakisema akina mama waliingizwa ili kuokoa tangi, na siku tangi likimaliza kulipwa, kuna watakaouliza kama bado wanahitajika. Kama ningerudia, ningeweka hoja zote mbili kwenye karatasi moja.

Na tuliwaacha waliochaguliwa wapweke. Mmoja wa wale wajumbe wawili wapya alijiuzulu baada ya miezi sita. Alikuwa hodari wa hesabu, na alikwisha kugundua risiti mbili za mafuta ya gari zilizolipwa mara mbili. Nilimfuata nyumbani nikidhani ametishwa. Hakutishwa. Vikao vya kamati huanza saa tisa alasiri na kuvuta hadi saa moja usiku, na maziwa yake ya jioni, yale yale yaliyompa uanachama, hayakuwa na wa kuyakamua. Kwa miezi sita alikuwa amemlipa kijana wa jirani, naye akapunguza lita, na hatimaye alipiga hesabu akaona kiti kile kinamtia hasara.

Mtu yeyote kati yetu angaliweza kuuliza saa ya vikao kabla ya uchaguzi. Nilikuwa nimefundisha somo zima la kuendesha kikao bila kuuliza kikao hufanyika saa ngapi.

Hoja ya kuhamisha vikao vya kamati hadi saa nne asubuhi iko kwenye ajenda ya mkutano mkuu ujao. Imeletwa na wanawake 63, na kando ya kila jina imeandikwa namba ya mwanachama.